Mstari mrefu wa stika ndio unaipima plota

Watu wakiona plota, ile mashine ya kukata stika kwa kompyuta, inakata maua na majina ya matatu wanadhani laini iliyonyooka ndiyo kazi rahisi, kumbe wapi! Herufi ikipinda nusu milimita hakuna atakayejua, lakini ule mstari wa njano wa sentimita 15 ambao matatu zetu Kenya zimeuvaa tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, ukienda kombo kidogo tu hata utingo atauona akiwa ng'ambo ya barabara.

Mara nyingi shida si kisu, ni uvutaji. Plota inaivuta stika mbele inairudisha nyuma, sasa kama roli nzima inaning'inia pale na mashine ndiyo inaizungusha, upande mmoja unavutwa zaidi, stika inaanza kwenda mshazari polepole, ukifika mita ya tatu ishachomoka kwa rola ya mpira. Kwa hivyo mimi hukunjua urefu wote kwanza, ulale legelege sakafuni (na pafagiliwe, mchanga ukiingia chini ya stika utauona milele), halafu naipeleka mashine mpaka mwisho na kuirudisha bila kukata, macho kwa ukingo. Ukikimbia hata milimita 2 nainua rola, napanga upya. Na spidi chini, haraka ya nini.

Halafu kuna mchoro wenyewe. Ukichora mstatili mmoja wa mita 4, kisu kinaenda na laini moja mpaka mwisho kisha kinarudi na ya pili, kila kupotoka kunajumlishwa, ndio unapata mstari mnene huku mwembamba kule. Gawa vipande vya mita moja moja, kimoja kiishe ndio kingine kianze, na uache sentimita 1 ya kulaliana. Maungio yafiche kwa mlango, cha mbele kikae juu ya cha nyuma, upepo usipate pa kuingilia.

Lakini jamani, kama ni mstari mtupu, plota ya nini? Stika ya upana wa sentimita 61 inakupa mistari minne na kijiukingo kinabaki, shika rula ndefu ya chuma na kisu kipya, umemaliza kabla laptopu haijawaka. Shida ni wateja, wengine wasiposikia mashine ikilia hawalipi bei ya mashine, hao nawawashia tu.