Bwana Katayama na Datsun ya Baba

Kwenye rafu ya duka langu la spea hapa Mwembe Tayari, juu ya mikebe ya oili, nimeweka beji moja kuukuu: 120Y. Ilitoka kwenye buti ya Datsun ya Baba, gari la rangi ya maziwa aliloliendesha teksi hapa Mombasa mpaka sakafu ya upande wa dereva ikaliwa na kutu, ukawa unaiona lami ikipita chini ya miguu yako. Masika yakishika, maji huingia kwenye waya za plagi na gari likagoma. Stata tulikuwa sisi watoto. Tunasukuma mpaka kona ya msikiti, Baba anaachia klachi, injini inakohoa mara mbili, inashika, nasi tunarudi kuvaa yunifomu hali tumelowa chapachapa.

Nikiitazama beji ile humkumbuka Yutaka Katayama, Mjapani ambaye Wamarekani walimwita Mr. K. Alizaliwa 1909, akaajiriwa na Nissan, kampuni iliyounda magari ya Datsun, 1935, akafariki 2015 na miaka yake 105. Hakuwa mhandisi. Kazi yake ilikuwa matangazo, na ugonjwa wake ulikuwa kupenda kuendesha gari.

Mwaka 1958 aliongoza timu ya kampuni kwenda Australia, kwenye mashindano ya kuzunguka bara zima, kilomita kama 16,000. Walikuwa na Datsun mbili ndogo, Fuji na Sakura, injini hata lita moja haijatimia. Fuji ikashinda katika daraja lake, na timu ikapokewa Japani kishujaa. Ungedhani mzee atapandishwa cheo. Lakini alikuwa hapatani na chama cha wafanyakazi, ambacho wakati huo ndicho kilichoshika mpini pale Nissan. Mwaka 1960 akapelekwa Los Angeles. Lugha ya ofisini ilisema anakwenda kuchunguza soko. Nadhani sote tunajua maana ya kupelekwa mbali namna hiyo.

Basi huko alikotupwa ndiko alikojifunza. Gari alilopewa kuuza lilikuwa zito, halina nguvu za kuingia barabara kuu za kule, na asubuhi za baridi lilikataa kuwaka. (Angetuita sisi tukasukume!) Wafanyabiashara wakubwa hawakuwa na haja naye, akaenda kwa wadogo, yadi hadi yadi, akikaa nao na kusikiliza mteja kasema nini. Pikapu ndiyo iliyoanza kumpa jina. Kila alichosikia alikiandikia Tokyo, na Tokyo haikuwa na haraka.

Hapo ndipo namwelewa sana. Kabla ya duka hili nilikuwa muuzaji wa magari mapya kwa miaka minne, kampuni siitaji. Wateja wa Kwale na Tana River walilalamika kwamba tumbo la gari liko chini mno, linakwaruza mawe. Niliandika ripoti mara tatu. Kilichorudi kutoka makao makuu ni kalenda ya mwaka mpya.

Katayama hakukubali kalenda. Datsun 510 ilipokuwa ikitayarishwa, alishikilia iwekwe injini ya sentimita 1,600 za ujazo, kubwa kuliko walivyotaka wakubwa, kwa sababu ndiyo iliyohitajika na dereva wa Marekani. Kufikia hapo, 1965, alishakuwa rais wa tawi la kule, na safari hii alisikilizwa. Ikatoka gari ya bei nafuu yenye springi huru nyuma, kila gurudumu likipanda na kushuka kivyake, jambo ambalo hata magari ya bei kubwa mengi hayakuwa nalo. Mwaka 1970 gari hilohilo, likiitwa 1600 SSS, likashinda Safari Rally hapa kwetu, usukani kashika Edgar Herrmann. Kwa hiyo ubishi wa mtu mmoja Los Angeles ulimaliziwa kwenye matope ya Afrika Mashariki.

Halafu ikaja 240Z. Japani iliitwa Fairlady, yaani bibi mrembo, jina alilolipenda bosi mmoja baada ya kutazama mchezo wa kuigiza wenye nyimbo huko Marekani. Katayama aliona aibu: nani atanunua gari la mbio lenye jina hilo? Inasimuliwa kwamba magari yalipofika aling'oa beji za Fairlady na kubandika 240Z, ambalo lilikuwa jina la kiwandani tu. Likauzwa dola 3,526 na watu wakapanga foleni. Hapa kwetu Herrmann alishinda nalo Safari ya 1971, na 1973 akaja Shekhar Mehta, aliyelingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, lakini ushindi akapewa Mehta. Baba aliisikiliza Pasaka hiyo redioni, na mpaka anazeeka alikuwa akiisimulia kama vile yeye ndiye aliyekaa kiti cha pili.

Majina nayo yana mambo. Mwanzo waliandika Datson, lakini kwa Kijapani "son" husikika kama hasara, wakabadilisha herufi moja. Kisha miaka ya themanini jina lote likatupwa, kila kitu kikawa Nissan. Katayama, aliyekuwa ameshastaafu tangu 1977, hakuficha hasira yake. Baba naye hakutii. Hata matatu za Nissan zilipojaa mjini aliziita Datsun, na utingo wakamcheka.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Voi na pikapu ya Datsun 1200, ya babu yake, kanyoosha bodi vizuri sana. Akaiona beji.

"Hii bei gani, mzee wangu?"

"Hiyo si ya kuuza. Isitoshe, yako ni 1200."

"Najua. Naipenda tu."

Akafika hadi shilingi 2,000. Nikamuuzia gasketi ya kabureta na plagi nne, nikampunguzia mia.