Nilivyopata saa halisi za safari ya Mama kutoka Tokyo hadi San Francisco

Mama alikuwa anatoka kwa kaka yangu Tokyo kwenda kwa dada San Francisco, na ana dawa anayomeza kila baada ya saa 8. Nilitaka kujua atakaa angani saa ngapi hasa.

Tiketi ilisema anaondoka 17:00 na kufika 10:30, tarehe ileile. Rafiki mmoja akashikilia kwamba hiyo ni ya kesho yake, kwa hiyo safari ni saa 17 na nusu. Mwingine akasema tiketi imekosewa. Nikikumbuka naudhika mpaka leo. Mtu hajui, lakini anakujibu kwa sauti ya anayejua, na anayesafiri ni mama yako.

Nikaanza na umbali. Kwa rula kwenye ramani ya ukutani, nikifuata kipimo kilichochapwa chini, nilipata karibu kilomita 11,000. Nikagawanya kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa: zaidi ya saa 12. Kumbe ramani ya Mercator, aina ya ramani bapa kama ile ya ukutani kwangu, huitanua dunia kadiri unavyoiacha ikweta, na kipimo kile kilikuwa cha ikweta tu.

Ndipo nikachukua tufe la dunia la mwanangu na uzi wa kushonea. Niliuzungusha kwenye ikweta, nikapata sentimita 100. Dunia pale ina mzunguko wa kilomita 40,000 hivi, basi kila sentimita ni kilomita 400. Nikabana ncha moja Tokyo kwa kidole gumba, nyingine San Francisco, nikaukaza taratibu. Uzi ukateleza wenyewe kuelekea kaskazini, ukatulia kusini ya visiwa vya Aleutian vya Alaska, mbali kabisa na mstari wa rula yangu. Nilirudia mara tatu, maana ukilegea nusu sentimita tu umeongeza kilomita 200. Ilikuja sentimita 20 na nusu na ushee, yaani kilomita 8,200 na kitu. Hapo 900 ikanipa saa 9 na dakika chache, kabla ya kuhesabu kupaa na kutua.

Kuhakikisha, nikazipeleka saa zote mbili kwenye UTC, saa moja ya pamoja ambayo dunia nzima huilinganishia saa zake. Tokyo iko mbele kwa saa 9: 17:00 ikawa 08:00. San Francisco, kwa kuwa ilikuwa kiangazi, ambapo kule husogeza saa mbele, iko nyuma kwa saa 7: 10:30 ikawa 17:30. Saa 9 na nusu! Tiketi haikuwa na kosa lolote. Mama alikuwa anavuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka kuelekea mashariki unarudi nyuma siku moja.

Kurudi ni habari nyingine. Upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda Tokyo huchukua kama saa 11. Usimpangie mtu kurudi kwa saa za kwenda.

Kilichonifurahisha zaidi ni dawa. Miji hiyo ilipishana saa 16, ambazo ni 8 mara mbili, hivyo ratiba ya saa 2 asubuhi, saa 10 jioni na saa 6 usiku ilibaki ileile kote kuwili. Nilimwomba tu asiibadilishe saa yake ya mkononi hadi ashuke.

Alipotua alinipigia simu. Mkononi mwake ilikuwa saa 8 na nusu usiku, na kidonge cha saa 6 alikuwa ameshakimeza.