Nilivyopima nafasi ya ndani ya Wish na Noah kabla ya kuchagua

Toyota Wish ya toleo la pili, lile lililotoka mwaka 2009, ina urefu wa milimita 4,590. Toyota Noah ya toleo la 2007 ina milimita 4,595. Upana wa zote mbili, kwa aina za kawaida, ni milimita 1,695. Nilikuwa natafuta gari moja la kutubeba watu saba, mama yangu mwenye magoti mabovu akiwemo, na namba hizo zilinionyesha mapema kwamba urefu na upana wa nje havitanisaidia kuamua.

Kulingana huko hakukutokea kwa bahati. Kanuni za Japani zina daraja la magari madogo ya abiria: urefu usizidi milimita 4,700, upana usizidi 1,700, kimo kisizidi 2,000, na ujazo wa injini ya petroli usizidi cc 2,000. Watengenezaji wanaotaka kubaki katika daraja hilo husogea hadi karibu kabisa na mpaka wa upana, kisha husimama. Panapobaki uhuru ni kwenye kimo. Wish ina milimita 1,590, Noah ina 1,850. Tofauti ni sentimita 26.

Ukisikia sentimita 26 za kimo unawaza kichwa na dari. Faida kubwa zaidi iko miguuni. Gari likiwa fupi kwenda juu, siti lazima iwekwe karibu na sakafu. Abiria anakaa miguu ikielekea mbele, magoti yamepanda kuliko nyonga, mapaja hayajagusa siti. Mkao huo unakula urefu wa gari. Siti ikiinuliwa, mtu huyohuyo anakaa kama aliye kwenye kiti cha mezani, miguu inashuka wima, na anahitaji nafasi ndogo zaidi mbele yake. Kwa hiyo kimo cha nje kinageuka kuwa nafasi ya miguu ndani. Juu ya hilo, Noah ina milimita 2,825 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, Wish ina 2,750, na abiria wengi wanakaa ndani ya eneo hilo.

Basi nikachukua futi kamba na kwenda kupima magari yenyewe. Kipimo nilichokithamini kuliko vyote ni kile ambacho matangazo ya magari hayakitaji: kutoka sakafuni pale nyayo zinapokaa hadi ukingo wa mbele wa siti. Nilikipima katika safu zote tatu. Kwenye Wish kinapungua sana ukifika safu ya tatu, kwa sababu siti zile zinakunjwa na kuzama sakafuni, na siti ya kuzama lazima iwe nyembamba na ya chini. Kwenye Noah siti za nyuma zinakunjwa kwa kuinuliwa ubavuni, hivyo hazikulazimika kupunguzwa namna hiyo.

Kipimo cha nafasi ya magoti nacho kinahitaji uangalifu, maana hakina maana yoyote kama hujui siti ya mbele yake iko wapi. Nilianza na dereva. Kaka yangu ndiye mrefu kuliko sote, akakaa kwenye usukani na kurekebisha siti mpaka akaridhika. Kisha mtu mzima akakaa nyuma yake, tukasogeza safu ya kati hadi naye akatosheka. Hapo ndipo nikaenda safu ya tatu. Katika Wish magoti yangu yaligusa mgongo wa siti ya mbele yangu, na nafasi ya mabega ilikuwa imebanwa na uvimbe wa magurudumu. Watoto wangekaa hapo bila shida kwa mwendo mfupi. Katika Noah nilikaa na kushusha miguu yote miwili, ngumi yangu ikapita kati ya goti na siti.

Hesabu ya mama ilikuwa tofauti, na ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Sakafu ya Noah iko juu, kwa hiyo mlangoni kuna kidato cha kupanda. Siti ya Wish haihitaji kupanda, ila unashuka ukiwa umeinama, unapinda shingo kukwepa ukingo wa paa, na kutoka ni kujisukuma kutoka chini kwenda juu. Kwa mtu wa magoti, huko kutoka ndiko kugumu. Nikamwomba mama ajaribu yote mawili, mara kadhaa, bila kuharakishwa. Kwenye Noah alishika mkono wa mlangoni, akakanyaga kidato, akaingia karibu wima kupitia mlango wa kusukuma, akakaa. Akasema, “Hapa, mwanangu, sianguki na sivutwi.” Nilipopima, ukingo wa siti ukawa unakaribia usawa wa nyonga zake akiwa amesimama nje, mlangoni.

Wish ina ubora wake. Ipo chini, kwa hiyo haiyumbi sana kwenye kona na upepo wa ubavuni hauisumbui kama unavyosumbua gari refu kwenda juu. Siti za nyuma zikizama, sakafu ya buti inakuwa tambarare na wazi toka ukuta hadi ukuta. Familia ya watu wanne ambayo hubeba watu sita mara mojamoja ningeishauri ichukue hiyo.

Sisi tulichukua Noah. Safu zote zikijaa, buti linabaki jembamba, begi kubwa linasimama tu, halilali. Siti za tatu zikiinuliwa zinaziba madirisha ya ubavuni na kumpunguzia dereva uwezo wa kuona nyuma, kwa hiyo tukiwa na mzigo nakunja upande mmoja pekee, ule wa pili anabaki mtu.