Dakika Tano za Povu

Mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyeniumbua. Nilikuwa nimeinama kwenye dawati lake namsahihishia hesabu za kukopa, akanitazama begani, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, una unga."

Nikajipangusa. "Vumbi la chaki hilo."

Akaamini, maana mwalimu ndiye aliyesema. Mwaka ule wa 2018 chaki ilinisitiri sana. Ushungi mweusi niliuweka kabatini, nikawa navaa wa rangi ya maziwa, na kila kipindi nikianza nahakikisha nimefuta ubao hata kama ni msafi, ili vumbi liwepo la kusingiziwa.

Chini ya ushungi mambo yalikuwa mengine. Yalianzia kisogoni, yakapanda mpaka utosini, yakashuka nyuma ya masikio. Mba nazijua toka utotoni, zile kavu zinazopeperuka ukichana. Hizi hazikuwa hizo. Yalikuwa magamba ya manjano, yana unyevu wa mafuta, ukiyakwangua yanakusanyika chini ya ukucha kama nta ya mshumaa. Ngozi iliyobaki pale chini ilikuwa imepauka, mabaka mabaka, kama ukuta ulioliwa na chumvi. Na kuwasha! Nililala na chanuo chini ya mto, lile la meno marefu, nikijikuna kwa ncha zake gizani mpaka panachonyota.

Hilo la kwanza. La pili ni joto. Saa nane usiku linaamka kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na ndani ya dakika mbili foronya imelowa. Jasho likikutana na ile mikwaruzo ya chanuo, unaona nyota. Baba watoto alishahamia upande wa ukutani akilalamika kwamba feni inamtia mafua. Mimi nikasema ni joto la Tanga, na Januari ya Tanga kila anayeijua hatabisha. Tatizo ni kwamba Juni ilifika, upepo wa kusi unavuma, watu wanajifunika shuka mbili, na mimi bado naamka kama niliyetolewa baharini.

Nilikuwa na miaka 49. Ningeweza kujumlisha moja na moja, ndiyo kazi yangu. Sikujumlisha.

Duka la dawa nilikwenda, kijana akanipa tyubu ya krimu bila hata kuniomba nivue ushungi. Siku tatu nikapata nafuu, nikamuombea dua. Nilipoacha kupaka, kikarudi kwa hasira. Nikanunua ya pili, nikanunua ya tatu.

Lakini tabibu wangu mkuu alikuwa Mama.

Mama anakaa Ngamiani, kwenye nyumba ileile niliyozaliwa, na kila Alhamisi baada ya alasiri nilikuwa nakwenda kukaa mkekani katikati ya magoti yake anipake mafuta. Nimeolewa, nimezaa watatu, nimepandishwa madaraja ya ualimu, lakini Alhamisi nilibaki mtoto wa kupakwa mafuta. Tena si mafuta ya dukani. Mama hununua nazi kumi zilizokomaa, akazikuna mwenyewe juu ya mbuzi ingawa goti lake moja halikunji vizuri, akakamua tui la kwanza tu, la pili akatupikia mchuzi. Tui linabandikwa kwenye moto wa makaa yaliyopoa poa na halipaliwi. Linachemka taratibu, maji yanakwisha, mafuta yanajitenga juu yakiwa meupe kama maji ya mvua, na chini yanabaki makapi ya kahawia ambayo utotoni tuliyagombania kwa sukari. Yakipoa anayatia asumini, anayafungia kwenye chupa ya sharubati. Nikifunguliwa chupa ile nikiwa popote pale, hata leo, naona mguu wa Mama ubavuni pangu.

Alikuwa na msemo wake: "Kichwa kinachowasha kina njaa." Basi akakilisha. Kadiri kilivyowasha ndivyo alivyomimina, akipapasa magamba yale kwa ncha ya kidole bila kusema kitu, akiyalainisha, akiyavuta moja moja. Usiku wa Alhamisi nilikuwa nalala vizuri. Ijumaa jioni kinaanza upya, na kufika Jumatatu naomba wanafunzi wasinione nikijikuna kwa rula.

Julai binti wa mdogo wangu akaolewa. Shughuli ilikuwa kwa Mama, na siku ya hina wanawake tulijaa chumba cha ndani, milango imefungwa, shungi zimetundikwa misumarini. Msusi alikuwa akipita kichwa kwa kichwa. Zamu yangu ilipofika nikatoa visingizio viwili vitatu, vyote vikakataliwa kwa vicheko, nikakaa. Msusi akachana njia ya kwanza, akanyamaza. Wifi yangu aliyekaa mbele yangu akainua shingo akatazama. Kitana kilikuwa chake. Akakipokea kutoka kwa msusi, akakifuta kwenye pindo la kanga, upande mmoja, kisha upande wa pili, akakitumbukiza mkobani, akafunga zipu.

"Mapunye hayo, au?" akauliza. Kisha kwa watoto waliokuwa wamejilaza: "Nyie, msilalie mto wa shangazi yenu."

Hakuna aliyejibu. Nilicheka, nikasema ngoja nikaangalie pilau. Pilau lilikuwa na mpishi wake aliyelipwa. Nilisimama uani kando ya sufuria mpaka moshi ukanipa sababu ya macho mekundu.

Usiku ule Mama alinipaka mara mbili, na safari hii alitwanga na majani ya mwarobaini. Harusini nilivaa ushungi wa satini uliobana, kwenye ukumbi wa watu mia tatu na feni nne. Sitasimulia kilichotoka nyuma ya sikio langu wakati wa kukata keki. Jumatatu niliomba ruhusa kazini.

Kliniki ya ngozi niliyokwenda ilikuwa na dada mmoja mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama, karibu." Ukutani palikuwa na cheti chake cha Moshi, kutoka kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Nilikisoma chote, mpaka mihuri, kwa sababu sikutaka kumtazama usoni alipokuwa akinivua ushungi.

Hakuruka nyuma. Alitenganisha nywele kwa vijiti viwili, akatazama kisogoni, nyuma ya masikio, halafu akageuza uso wangu kwenye mwanga akanionyesha kwa kioo: kwenye nyusi na pembeni mwa pua palikuwa na ungaunga uleule. Miezi yote ile nilidhani ni poda haijakaa vizuri.

"Siku zako, mama, mara ya mwisho ulizipata lini?"

"Nimekuja kwa ajili ya kichwa, daktari."

"Najua. Lini?"

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. "Miezi minane."

"Na usiku unatoka jasho?"

Nilitaka kumwambia ni joto la Tanga. Tulikuwa Julai, yeye mwenyewe amevaa sweta.

Akanieleza. Kichwani kwa kila mtu anaishi fangasi mdogo mno, hata kwa mtoto mchanga, na chakula chake ni mafuta ya ngozi. Kwa wengi hana neno. Kwa wengine ngozi inagombana naye, inavimba, inawasha, inamwaga magamba. Kukosa usingizi kunauchochea ugomvi huo, na mawazo, na jasho lililofungiwa chini ya kitambaa. Hakusema kwamba kukaribia kukoma hedhi ndiko kulikouleta ugonjwa. Alisema homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi inakuwa kavu na nyepesi kuudhika, na usiku unakuwa kama huo wangu, basi ugonjwa unakuta mlango wazi. "Na hauambukizi," akamalizia. "Si kwa kitana, si kwa mto."

Nilikaribia kumwomba aliandike hilo kwenye karatasi yenye muhuri, nimpelekee wifi.

Dawa ilikuwa shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2. Mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, na povu likae kichwani dakika tano kabla ya kusuuza, maana wengi huisuuza palepale kisha wakasema haifanyi kazi. Akaongeza losheni ya betamethasoni ya kutuliza mwasho, siku saba basi, isizidi, inakondesha ngozi. Ile tyubu ya dukani aliisoma akatikisa kichwa, akaitupa. Nywele zikauke kabla sijajifunga. Ushungi uwe wa pamba.

"Na mafuta acha."

"Hata ya nazi?"

"Kwenye ngozi ya kichwa, acha. Ncha za nywele ukipaka kidogo sikukatazi."

"Anayetengeneza ni mama yangu."

Akacheka. "Kila anayekaa kwenye kiti hicho, anayetengeneza ni mama yake."

Wakati natoka akaniambia nihesabu. Ikitimia miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ndipo tutasema nimekoma hedhi. Kabla ya hapo niko njiani.

Alhamisi nikaenda Ngamiani na chupa yangu kwenye mfuko wa rambo. Mkeka umeshatandikwa, chupa ya sharubati imeshawekwa juani ilainike, maana kipindi cha kusi mafuta huganda. Nikakaa kwenye kigoda badala ya mkeka. Mama akaelewa kuwa kuna jambo.

Nilimweleza vibaya. Nilianza na fangasi nikaishia na mafuta, wakati ingefaa nianze kwa kuusifu mkono wake. Alichukua shampuu, akafungua, akanusa. "Inanuka hospitali." Akaifunga. "Kwa hiyo huyo mdudu anakula mafuta."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa namlisha."

"Ulikuwa unamlisha."

Aliitazama chupa ya sharubati kwa muda. Kisha akajifunga kanga ya pili kiunoni, akasema, "Njoo huku uani. Wewe mwenyewe hufiki kisogoni."

Akanimwagia maji kwa kopo, akapaka dawa kwa vidole vilevile, taratibu vilevile, utosi, kisogo, nyuma ya masikio. Dakika tano tukakosa cha kupimia. Simu yangu ilikuwa ndani, na saa ya Mama ilisimama zamani marehemu Baba bado yu hai. Akachomoa tasbihi. "Duru tatu za polepole," akasema, "zinatosha." Akaketi kwenye ngazi ya mlango, mimi nimeinama juu ya beseni, povu linanitiririka shingoni.

Alipofika katikati ya duru ya kwanza akauliza, "Huyo daktari alikuuliza nini kingine?"

Pengine ningemwona uso nisingesema. Nilimwambia beseni. Nikasema miezi minane, nikasema jasho.

Mlio wa shanga ukakoma.

"Mimi," akasema Mama, "ilinianza wewe uko kidato cha pili. Unakumbuka nilivyokuwa nalala barazani na kanga mbichi kifuani?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia tulivyoambiwa sisi watoto.

"Mlituambia una shetani."

"Nilipungwa siku saba. Mbuzi mweusi, udi, ngoma. Bibi yako alitumia pesa." Akanyamaza. "Yule shetani alipanda vizuri tu. Ila usiku joto likaja palepale."

Nilicheka, povu likaniingia mdomoni, chungu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Nilikuwa nimeshaiandaa lawama, kwa kweli nilikuwa nayo tayari.

"Na wewe, binti yako umemwambia?"

Binti yangu alikuwa na miaka 22, anasoma Dodoma. Nilikuwa nimemwambia kwamba feni ya chumbani imeharibika.

"Haya, nimepoteza hesabu," Mama akasema. "Naanza upya." Siku ile povu lilikaa dakika kumi au kumi na mbili, na kichwa hakikufa.

Wiki ya pili mwasho ulipungua. Wiki ya nne wifi alikuja nyumbani, nikavua ushungi mbele yake bila sababu yoyote, nikamwomba kitana. Hakijaisha moja kwa moja. Hadi leo kinarudi nikikosa usingizi au nikivaa nailoni, na chupa ya shampuu iko bafuni, naitumia mara moja kila wiki mbili. Mafuta ya Mama nayapaka ncha za nywele na visigino, naye hutazama kiasi ninachomimina.

Kabla ya hayo yote kutulia, mwezi wa tisa wa hesabu yangu, damu ikaja. Ilikuja Jumanne katikati ya somo la Kiswahili, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Alhamisi, nikiwa nimeinama juu ya beseni, nikamwambia Mama.

"Eh," akasema. "Basi anza moja."

Nikasikia akivuta ushanga wa kwanza.