Mshale wa Bedford

Jumamosi nilikuwa chini ya gari namwaga oili ya giaboksi, ikanidondokea kiganjani. Ile harufu yake ya kiberiti, kama yai viza, ikanirudisha Chikongola, Mtwara, kwenye gunia la fundi lililotandikwa chini ya mwembe, mjomba amesimama juu yetu mikono nyuma.

Mjomba alikuwa na Bedford, lori la mizigo. Msimu ule wa korosho alikuwa akitamba nayo Tandahimba nzima. "Siku hizi inakwenda arobaini na mzigo wake!" Arobaini ya maili, maana spidomita yake ilikuwa ya Kiingereza, hiyo ni kilomita 64 kwa saa, kwenye mchanga wa kuelekea Nanyamba, magunia yamepita bodi. Mimi tandiboi nilikaa juu ya mzigo na upepo wa kilomita 64 sikuuona. Lakini nani amwambie mjomba?

Kilichompeleka kwa fundi ni kwamba mara mbili tulifika Mtwara tukakuta ghala limefungwa, wakati kwa hesabu ya mshale tulipaswa kuwa tumeshashusha na kula. Halafu gari ikizimwa, mshale haurudi kwenye sifuri. Unasimama kwenye 10, kisha unateremka taratibu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mjomba alikuwa ameshanunua waya mpya wa spidomita. Siku zote waya ndio unaolaumiwa kwanza.

Fundi hakuutazama ule waya mpya. Aliuliza swali moja: "Namba za maili zinahesabu?"

"Zinahesabu."

"Zinahesabu sawa?"

Hilo hakuna aliyelijua. Tukatoka barabara ya Mikindani, fundi kanivulisha saa yangu ya mkononi, kamwambia mjomba ashikilie mshale palepale kwenye 40. Kutoka kibao cha kilomita hadi kinachofuata: sekunde 90. Gawa 3600 kwa 90 unapata 40, ila ni kilomita 40. Mjomba akacheka, kumbe spidomita yenyewe imegeuka kuwa ya kilomita! Na kweli mtu angeweza kuishia hapo, akaamini kwamba kuna aliyefunga kichwa cha spidomita cha gari jingine. Fundi akasema twende mbele. Kwa vibao vinane namba zilisogea maili 5, kasoro nywele. Yaani zilikuwa sawa kabisa.

Hapo alikuwa ameshamaliza, sisi tu ndio hatukujua. Namba zinaendeshwa na meno kwa meno: pinyoni, gia ndogo iliyo kwenye giaboksi, inazungusha waya, waya unazungusha namba. Zikihesabu sawa, pinyoni na waya havina kosa. Mshale wenyewe haujashikana na waya. Waya unazungusha sumaku karibu na kikombe cha alumini, bila kugusana; mzunguko huo unazaa umeme kidogo ndani ya kikombe, kikombe kinavutwa kuifuata sumaku, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mshale umekaa juu ya kikombe. Kwa hiyo namba na mshale vikifa pamoja, tafuta waya uliokatika au pinyoni iliyolika. Mshale ukitetemeka, waya ni mkavu au umekunjwa mno. Namba zikihesabu na mshale umelala, kosa liko kwenye kikombe au springi. Na mshale ukisoma kupita kiasi, tena ukawa mzito kurudi, basi kuna kitu kati ya sumaku na kikombe kinachovishikisha.

Akakichomoa kichwa kutoka dashibodi, akakaa nacho kwenye gunia. Pete ya bati inayoshika kioo aliifungua kwa bisibisi ndogo, akiinua kidogo hapa, anageuza, anainua kidogo pale, kama anayemenya yai asilotaka kulichubua. Kioo kikatoka. Mshale akauacha mahali pake. Akainamisha kichwa kwenye mwanga, na ndani kukang'aa kweusi. Alichovya ncha ya kidole, akasugua na dole gumba, akanusa, akampelekea mjomba puani.

"Oili ya giaboksi."

Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa muda mrefu.

Maana wiki kadhaa nyuma mshale ulikuwa ukitetemeka, na mjomba alinituma niupake waya grisi. Niliupaka. Niliusheheneza kutoka mwisho hadi mwisho, grisi ileile ya chasisi, nikaona nimefanya kazi ya kiume. Waya wa spidomita hupakwa grisi kidogo, theluthi mbili za chini tu; theluthi ya juu inaachwa kavu, kwa sababu waya umesukwa kama parafujo na ukizunguka unaweza kupandisha chochote ulichokipaka hadi kwenye kichwa. Na mimi kwenye kile kikombe, pamoja na oili, niliona bonge la rangi ya asali.

Oili nayo haikuwa uongo. Sili ndogo ya pinyoni, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imekauka mdomo, na tundu la kupumulia la giaboksi lilikuwa limezibwa na tope. Giaboksi ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili mbovu na kuingia kwenye waya. Fundi alizibua tundu kwa kipande cha waya, sili tukaisubiri siku mbili ije na basi. Kikombe na sumaku alivisafisha kwa petroli na brashi laini bila kuigusa springi, akavianika kivulini, akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitako cha mhimili. Waya wa zamani ulioshwa ukarudi kazini. Mkunjo wake nyuma ya dashibodi aliulegeza, usibane kuliko duara la sahani ya wali. Ule mpya ukabaki chini ya kiti, na grisi haikutajwa na mtu.

Safari ya kwanza ya kurudi Tandahimba mjomba alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale ukapanda, ukafika 25, ukatulia pale kama uliochoka. Akaukodolea macho. Akagonga kioo kwa kidole.

"Yule fundi," akasema, "ameniharibia injini."

Nikatazama mikorosho ya upande wangu.