Kibali cha mazishi si cheti cha kifo

Mama alifungua sanduku la bati, akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. "Cheti cha marehemu baba yako hiki hapa, mwanangu." Nikakikunjua. Kilikuwa kibali cha mazishi.

Ilikuwa katikati ya 2019. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, najiandaa kuomba mkopo wa chuo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Miaka yote ile nyumbani tuliamini karatasi hiyo inatosha, na nimekuta familia nyingi zikiamini vivyo hivyo. Kibali kinaruhusu maziko tu. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, na wilayani kazi hiyo hufanyika ofisi ya mkuu wa wilaya baada ya kifo kusajiliwa. Bila cheti hicho kuhakikiwa, ukijaza kwamba ni yatima wa baba huna cha kuonyesha, na uyatima ni moja ya vigezo vinavyoangaliwa kwenye mkopo.

Kifo cha baba kilikuwa cha siku nyingi, kwa hiyo tukaingia utaratibu wa waliochelewa kusajili: kibali chenyewe, barua ya mtendaji wa kata, kitambulisho cha mama. Safari ya kwanza tukarudishwa. Kibali kiliandikwa Hamisi. Cheti changu cha kuzaliwa, Khamis. "Sasa kijana, baba yako ni yupi hapa?" Swali la haki kabisa. Mtendaji akaandika barua nyingine kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na cheti kikaandikwa Khamis kama changu. Hapo ndipo pa kurekebisha, kabla hakijachapwa. Kikishatoka, kusahihisha ni safari mpya.

Kisha uhakiki. Vyeti vyote viwili, cha kuzaliwa na cha kifo, vilitumwa RITA kwa mtandao. Picha ya kwanza niliipiga kwa simu, kidole kikafunika tarakimu mbili za namba ya ingizo. Nikaenda kuskani steshenari, kwa rangi, pembe zote nne zikionekana.

Fomu yenyewe ya mkopo ilichukua jioni moja. Unajisajili kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, ileile utakayoombea chuo. Aliyerudia mtihani ataje namba zote. Mfumo unakupa namba ya malipo, unalipa shilingi 30,000 kwa simu, unaendelea kujaza, unachapa. Zinafuata saini: yako, ya mdhamini pamoja na picha yake na nakala ya kitambulisho, ya serikali ya mtaa, ya wakili au hakimu. Mwenyekiti wetu alikuwa msibani siku mbili, mhuri kaufungia kabatini.

Kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Hapa ndipo wenzangu wawili walipokwama: walilipa, wakachapa, wakaweka fomu kabatini wakidhani wamemaliza. Mimi niliingia tena kwenye akaunti kesho yake, nikafungua kila kiambatisho kimoja kimoja. Ukurasa wa mdhamini ulikuwa umepanda kichwa chini. Nikaupandisha upya, ndipo nikathibitisha.

Miaka miwili baadaye mdogo wangu alipoomba, cheti cha kifo na namba yake ya uhakiki alivikuta kwenye bahasha ileile ya kaki. Yeye alihangaika na picha ya mdhamini tu.