Mjomba yuko nyumbani
Jana tumekula matoke na mjomba, nikawa namwangalia tu machozi yananitoka. Huyu mtu alikuwa wa kunyongwa kule gereza la Luzira, kila asubuhi anajiuliza kama leo ndo zamu yake. Wafungwa 417 walienda kortini 2003, kesi ya Susan Kigula, mfungwa mwenzao wa kunyongwa, na mawakili wa Katende Ssempebwa hapa Kampala ndo waliwasimamia mpaka Mahakama ya Juu, Januari 2009 ikasema jaji asilazimishwe na sheria kutoa kifo. Rufaa ya mjomba ilikuwa haijaisha, basi akarudishwa Hai Koti asikilizwe upya kuhusu adhabu tu, akapewa miaka, akaimaliza. Hao mawakili nawaombea kila siku jamani.